Asili ya Neno "Simu" na Suala la Maneno ya Kiajemi katika Kiswahili

Kamusi za Kiswahili hulishughulikia neno simu kwa mistari michache. Hutoa maana, hutaja ngeli, na aghalabu huongeza katika mabano kifupisho kinachoonyesha kwamba asili yake ni Kiajemi. Kwa msomaji wa kawaida maelezo hayo yanatosha. Kwa mtafiti wa historia ya lugha, hata hivyo, kifupisho hicho kina hatari yake, kwa kuwa kinasema neno limetoka wapi bila kusema lilitoka lini, lilipitia kwa nani, wala lilikuwa na maana gani lilipopokelewa. Pengo hilo huzibwa na dhana. Wapo wanaolitumia neno hili, pamoja na mengine ya Kiajemi, kama ithibati ya ukale wa Waajemi katika pwani ya Afrika Mashariki. Na wapo, hasa miongoni mwa wanafunzi wa siku hizi, wasiokubali hata huo Uajemi wake na wanaolitafutia asili katika kadi ndogo inayotiwa ndani ya simu ya mkono.

Dai la hawa wa pili halihitaji nafasi kubwa. Kadi inayoitwa SIM imepata jina lake kutokana na herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yanayotaja kitambulisho cha mteja wa mtandao wa simu, na kadi za kwanza za aina hiyo zilitengenezwa mwaka 1991. Neno simu lilikuwa limekwisha kuingizwa katika kamusi ya Kiswahili sanifu iliyoandaliwa chini ya uhariri wa Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, zaidi ya nusu karne kabla ya kadi hiyo kuwapo. Mfanano wa majina hayo mawili ni wa sadfa. Ndivyo ulivyo pia mfanano wa simu na kitenzi simulia, ambao huwavutia wengi kwa sababu mtu hutumia simu kusimulia habari. Hali kadhalika isimu, taaluma yenyewe inayopaswa kulitolea neno hili hukumu, haina udugu nalo: isimu imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jina. Lugha yenye silabi wazi na mikopo mingi haiwezi kukosa mapacha wa namna hii, na sikio la msemaji ni hakimu asiyeaminika katika mambo ya asili ya maneno.

Neno la Kiajemi linalohusika ni sim. Katika lugha hiyo lina maana mbili zilizo hai hadi leo. Ya kwanza ni madini ya fedha. Ya pili ni waya, ukiwa ni pamoja na nyuzi za chuma za ala za muziki, na ni wazi kwamba maana hii imetokana na ile ya kwanza kupitia ufundi wa sonara wa kuvuta fedha hadi ikawa uzi. Wanaisimu wa lugha za Kiirani hulirudisha neno hili nyuma hadi Kiajemi cha Kati, na kutoka hapo hadi Kigiriki, ambako asemos lilimaanisha kitu kisicho na alama, na likatumiwa kwa fedha ambayo haijapigwa chapa ya mfalme ili iwe sarafu. Kiini chake ni sema, neno la Kigiriki la alama au ishara, ambalo pia ndilo lililozaa istilahi semantiki. (Msomaji wa Kiswahili atajizuia hapa asikumbuke kitenzi chake cha kusema, hiyo nayo ni sadfa.)

Kufika kwa sim katika Kiswahili na kugeuka kuwa simu hakuhitaji maelezo marefu ya kifonolojia. Kiswahili huongeza irabu mwishoni mwa neno la mkopo linaloishia kwa konsonanti, na konsonanti hiyo inapokuwa ya midomo, irabu inayoteuliwa aghalabu ni u. Kwa hiyo Kiarabu kilipotoa qalam na kitab, Kiswahili kilipokea kalamu na kitabu. Na kanuni hiyo haijafa, kwani ndiyo iliyozaa timu, filamu na programu kutokana na Kiingereza. Umbo la neno simu, basi, halitoi fununu yoyote kuhusu umri wake. Lingeweza kuwa na miaka elfu moja, na lingeweza kuwa la jana.

Hapo ndipo suala la Uajemi linapoanza kuwa na uzito. Katika mjadala wa muda mrefu kuhusu Washirazi na asili ya miji ya pwani, maneno kama bandari, nanga, serikali, bustani, pamba na darubini yamekuwa yakiorodheshwa pamoja, na wingi wake ukachukuliwa kuwa ushahidi wa kuwapo kwa jamii kubwa ya Waajemi pwani katika karne za mwanzo za Uislamu. Derek Nurse na Thomas Spear walipochapisha kitabu chao kuhusu historia ya Waswahili mwaka 1985, na Nurse tena pamoja na Thomas Hinnebusch katika utafiti wao wa lugha za Kisabaki wa mwaka 1993, mkazo ulihamia kwenye sarufi, sauti na msamiati wa msingi, mambo ambayo yanakifunga Kiswahili na jamaa zake wa Kibantu. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya kale ya pwani uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 umeonyesha kwamba baadhi ya watu wa miji hiyo walikuwa kweli na asili ya Kiajemi upande wa kiumeni, na kwamba mchanganyiko huo na wanawake wa Kiafrika ulianza yapata mwaka 1000. Yamkini matokeo hayo yatawarudishia wengi hamu ya kuhesabu maneno ya Kiajemi. Lakini mifupa na maneno ni ushahidi wa aina mbili, na kila kimoja hakina budi kuthibitishwa kwa njia yake. Neno simu ni la Kiajemi bila shaka yoyote, na bado haliwezi kusema chochote kuhusu mwaka 1000, kwa sababu kitu linachokitaja hakikuwapo. Ikiwa neno moja la Kiajemi limeweza kuingia katika Kiswahili wakati wa Masultani wa Zanzibar, itabidi kila neno katika orodha ile liulizwe tarehe yake kabla ya kuitwa shahidi. Darubini, kwa mfano, ambalo katika Kiajemi ni muungano wa "mbali" na "kuona", ni jina la chombo ambacho ulimwengu haukukijua kabla ya karne ya 17.

Je, inawezekana kwamba sim lilikuwapo katika Kiswahili tangu kale kwa maana ya fedha au ya waya, na kwamba telegrafu ilipofika ililikuta tayari likisubiri? Mpangilio wa msamiati wenyewe unaelekea kulikataa wazo hilo. Nafasi ya madini ya fedha imeshikwa na neno fedha, lililotoka Kiarabu, na ambalo limefanya safari ile ile ya maana kutoka madini hadi mali. Nafasi ya waya nayo haikuwa tupu. Biashara ya misafara ya karne ya 19 ilisimama juu ya bidhaa tatu kuu: nguo, shanga na nyaya za shaba; na nyaya hizo zilikuwa na majina. Masango yalikuwa nyaya nene za shaba zilizobebwa mizigo mizigo kutoka pwani hadi Unyamwezi na kwingineko, na Richard Burton aliyataja katika maelezo yake ya bidhaa za msafara baada ya safari yake ya 1857 hadi 1859. Udodi ulikuwa uzi mwembamba wa madini uliosokotwa kuwa bangili na vikuku. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayetaja bangili ya simu au kikuku cha simu. Neno hili halina historia mkononi wala shingoni mwa mtu. Lilikuja likiwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kazi ambayo masango na udodi havikuwahi kuifanya.

Kazi hiyo ilianza katika Ghuba ya Uajemi. Mwaka 1864 Waingereza walilaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Fao, kwenye mdomo wa Shatt al-Arab, kupitia Bushehr na Gwadar hadi Karachi, ili kuiunganisha India na Ulaya. Waya huo ulipita karibu na rasi ya Musandam, ambako kwa miaka michache palikuwa na kituo juu ya kisiwa kidogo kilichozungukwa na majabali na joto kali. Gwadar wakati huo ilikuwa milki ya Sultani wa Maskati. Kwa hiyo watu wa Oman na wa pwani za Uajemi, ambao walikuwa na jamaa, majahazi na mali Zanzibar, waliuona waya unaosema miaka 15 kabla ya Zanzibar kuuona, na katika lugha zao waya uliitwa sim. Si Kiajemi peke yake kinachosema hivyo. Lahaja za Kiarabu za Ghuba na za Iraki zimelikopa neno hilo hilo kwa maana hiyo hiyo. Mwarabu wa Oman aliyelitamka Unguja hakulazimika kuwa Mwajemi, na wala hakuhitaji kujua kwamba analotamka si Kiarabu.

Waya ulifika Zanzibar mwaka 1879. Sababu ya kuharakishwa kwake ilikuwa vita vya kusini. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza Isandlwana, na habari za msiba huo hazikufika London hadi tarehe 11 Februari, kwa kuwa zililazimika kusafiri kwa meli kabla ya kufikia kituo cha telegrafu. Kabla mwaka haujaisha kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Zanzibar ya Sultani Barghash ikawa kifundo katika uzi huo. Mwaka 1890 matawi yalivutwa kutoka kisiwani hadi Mombasa upande mmoja, na hadi Bagamoyo na Dar es Salaam upande wa Wajerumani.

Kwamba Kiswahili kilichagua sim si jambo la kupitwa upesi, kwa kuwa palikuwa na wagombea wengine. Kihindi, Kiurdu na Kigujarati vina neno tar, lenye maana ya uzi, waya na papo hapo telegramu. Na Wahindi walikuwa wengi Zanzibar, wakiwa wafanyabiashara, maofisa wa forodha na makarani. Kiarabu cha maandishi kilikuwa na silk kwa waya, na baadaye kikajitungia istilahi ya telegramu kutokana na neno la umeme wa radi. Kiingereza kilikuwa na wire, ambalo wasemaji wake walilitumia pia kwa ujumbe uliopelekwa kwa njia hiyo. Wote hao walikuwa wametembea njia moja ya kimaana, kutoka waya hadi habari iliyopita ndani ya waya. Kiswahili kiliwafuata katika wazo na kikachukua umbo la Ghuba. Lau neno hili lingeingia pamoja na reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ikiandamana na nguzo za telegrafu na makarani kutoka India, kuna kila sababu ya kutazamia kwamba leo watu wangekuwa wanapigiana *tari. Ushindi wa sim unaashiria kwamba jina lilikuwa limekwisha kukaa ndimi za watu wa visiwani na mwambao kabla ya nguzo ya kwanza ya reli kusimikwa. Hii ni hoja ya njia ya neno na wala haidai kutaja mwaka. Lakini mchango wa Waajemi wenyewe unabaki mdogo ndani yake. Neno lao limekuja kwa jahazi la Muomani na kushikamana na mali ya Mwingereza.

Kilichofuata ndicho chenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa maana. Katika Kiajemi sim lilibaki waya. Katika Kiswahili, neno liliacha waya karibu mara moja. Mtu aliyesema amepata simu kutoka Mombasa hakumaanisha kwamba ameletewa waya. Alimaanisha karatasi yenye maneno machache, iliyoletwa na tarishi. Neno lilihama kutoka kitu hadi ujumbe, kisha kutoka ujumbe hadi nyumba na huduma: watu walikwenda simu, kama walivyokwenda posta. Waya wenyewe ukabaki bila jina, na ilibidi Kiswahili kikope upya kutoka Kiingereza neno waya ili kutaja kile ambacho sim kilikuwa kimekitaja tangu mwanzo. Ndiyo maana msemaji huweza kutamka waya wa simu bila kuhisi kwamba amerudia neno moja mara mbili.

Ushahidi ulio dhahiri kupita wote ni simu ya upepo, jina lililopewa telegrafu isiyotumia waya. Waajemi, waliposhika uvumbuzi huo, waliuita bisim, yaani bila waya, kama walivyofanya Waarabu na Waingereza katika lugha zao. Wote watatu walilazimika kuukanusha waya kwa sababu bado waliusikia ndani ya neno. Mswahili hakuwa na cha kukanusha. Kwake simu ilikuwa habari ya haraka itokayo mbali. Ikipita chini ya bahari ni simu, na ikipita hewani ni simu ya upepo. Wajerumani walikuwa wamesimamisha mnara wa redio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nao ukaharibiwa katika siku za mwanzo kabisa za vita hivyo, Agosti 1914. Kwa asili ya neno, simu ya upepo ni mkanganyiko: waya wa hewa. Kwa matumizi, ni jina sahihi na zuri.

Haraka hiyo ilikuwa na uso wa kisiasa pia, na kumbukumbu yake haikosi kuwamo ndani ya neno. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki Zanzibar tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza, balozi wao Basil Cave aliomba ruhusa London kwa telegrafu na akajibiwa kwa telegrafu. Tarehe 27 mizinga ya manowari ilililenga jumba hilo, na kwa muda usiofika saa moja mambo yakawa yamekwisha. Kizazi kimoja nyuma yake shauri kama hilo lingengojea meli kwa majuma mengi, na pengine Khalid angekuwa na nafasi ya kuzoeleka kitini. Bara nako waya ulieleweka kwa namna mbili. Wanandi, katika upinzani wao wa kati ya 1895 na 1905, waliukata waya wa telegrafu na kuuchukua, na sehemu yake ikawa mapambo. Waandishi wa kikoloni walilieleza hilo kama wizi wa watu wasiojua thamani ya kitu. Lakini katika nchi ambako masango yalikuwa mali tangu zamani, waliochukua waya walijua thamani yake vizuri sana, na walijua pia kwamba mkoloni akikosa waya amekosa ulimi.

Kitenzi kilichoandamana na neno hili kinastahili kuangaliwa. Simu hupelekwa, huletwa, hupatwa. Lakini zaidi ya yote hupigwa. Ni kawaida kufafanua piga simu kwa kurejelea kidole cha karani kilichogonga kitufe cha telegrafu, na maelezo hayo hayana ubaya, ila yanasahau kwamba kabla ya kitufe hicho Kiswahili kilikuwa tayari kinapiga mbiu, kinapiga ngoma, kinapiga hodi. Piga ndicho kitenzi cha kutoa sauti inayovuka umbali na kumtaka mtu asikilize. Mbiu ya mgambo ikilia, wahenga walisema, kuna jambo. Na simu katika miongo yake ya mwanzo ililia pale tu palipokuwa na jambo. Kwa hiyo chombo kipya kiliingizwa katika mpangilio wa zamani wa vyombo vya kutangazia, na sarufi ikakipokea bila kusitasita.

Wasemaji wa bara walichukua vyote viwili, nomino na kitenzi chake. Gikuyu husema kũhũra thimũ, s ikigeuka th kulingana na sauti za lugha hiyo, na kũhũra ni kupiga. Luganda husema kukuba essimu, na kukuba ni kupiga. Kijaluo, ambacho si cha Kibantu kabisa, husema goyo simo, na goyo ni kupiga. Si rahisi kwamba lugha tatu zenye nasaba mbalimbali zingeamua kila moja kivyake kuichapa simu. Walipokea kipande kizima cha Kiswahili na kukitafsiri nusu. Ramani ya msemo huu inafuatana na njia za biashara, utawala na reli kutoka pwani hadi ziwani, na inafaa iongezwe kwenye ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyofanya kazi ya kuzisambaza dhana mpya katika Afrika Mashariki hata pale ambapo hakikusemwa nyumbani.

Fasihi ilichelewa kidogo kulitumia neno, kisha ikalitumia kwa kutambua uzito wake. Telegramu ilikuwa ghali, na mtu wa kawaida hakuipeleka ila kwa ugonjwa au kifo. Kwa sababu hiyo tarishi wa simu aliogopwa, na karatasi yake ilifunguliwa kwa mikono inayotetemeka au ikapelekwa kwa mwalimu aisome. Faraji Katalambulla alipoipa riwaya yake ya upelelezi ya mwaka 1965 jina la Simu ya Kifo, aliunganisha maneno mawili ambayo katika maisha ya wasomaji wake yalikuwa yamekwisha kuunganishwa na uzoefu. Wakati huo simu ilikuwa bado ni neno la vyombo viwili, cha maandishi na cha mdomo, na anwani ya riwaya hiyo huvuna hofu ya vyote viwili. Wahakiki wanaoisoma leo riwaya hiyo kama mwanzo wa fasihi pendwa ya Kiswahili wamezungumza mengi kuhusu ruwaza ya upelelezi iliyotoka ng'ambo. Jina lenyewe, ambalo lina mizizi nyumbani kabisa, halijapewa haki yake.

Telegramu ilikuwa pia utanzu mdogo wa uandishi, na Kiswahili kilikuwa na bahati ndani yake. Malipo yalihesabiwa kwa neno. Mtu aliyetaka kusema nitakuja kesho alilipia maneno mawili, mahali ambapo Kiingereza kingehitaji manne. Na hatutamsubiri ni neno moja lenye kikanushi, mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Kanuni za kimataifa ziliweka kikomo cha herufi katika neno moja, lakini vitenzi vingi vya kawaida havikukifikia. Sifa ambayo sarufi za kikoloni ziliieleza kama ugumu wa Kiswahili ilikuwa, mbele ya dirisha la posta, akiba ya senti.

Simu ya mdomo ilipoenea, maana ya telegramu ilianza kusukumwa pembeni, na ikabidi yenyewe sasa ndiyo ipewe kivumishi: simu ya maandishi. Simu peke yake ikawa ya kuzungumzia. Mabadiliko ya mwisho wa karne ya 20 yalirudia mchezo huo huo. Simu ya mkono, simu ya kiganjani, simutamba, rununu: majina haya yalishindana, na rununu likapata kimbilio katika vitabu vya shule na vyombo vya habari vya Kenya. Barabarani watu waliendelea kusema simu tu, na kwa kadiri chombo cha mezani kilivyotoweka majumbani, kivumishi nacho kilipoteza kazi. Hapa kuna tofauti ya kufikiriwa na wapangaji wa lugha. Tarakilishi liliundwa na wataalamu kutokana na tarakimu na akili, linaeleza chombo chake kwa ufasaha, na bado linapambana na kompyuta. Simu halielezi chochote. Halikupitishwa na kamati yoyote. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ililikuta likifanya kazi. Pengine kutoeleza kwake ndiko kulikoliokoa, kwani neno ambalo lingemfungia msemaji kwenye waya, au kitufe, au karatasi, lingezeeka pamoja na vitu hivyo.

Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanzishwa Kenya, simu imekuwa pia mahali pa kuwekea na kupelekea fedha. Mjuzi wa Kiajemi atasikia hapo sim ya zamani, madini yaliyokuwa mali hata kabla ya kupigwa chapa, ingawa hakuna mstari wowote wa maana unaounganisha huku na kule. Neno lilikuwa limeisahau fedha kabla halijavuka bahari. Kilicho cha kweli kihistoria ni kidogo zaidi, nacho kinasikika kila siku katika maduka ya Nairobi na Mombasa. Ile kadi ndogo iliyosababisha utata wa wanafunzi haiitwi SIM na wauzaji wengi. Huitwa laini, kutokana na neno la Kiingereza la uzi au mstari wa simu, ingawa haina uzi wowote. Mteja huulizwa ana laini ngapi, laini imesajiliwa kwa jina la nani, laini ya zamani ilipotelea wapi. Na anapojibu kwamba anataka laini ya simu, ametaja waya mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiajemi, bila kuukumbuka hata mmoja.